Dirisha la Somoe katika Mji wa Ufichoni

Nchi ya Kandokando ina miji midogo sitini na mitatu, na kila mmoja hujitangaza kwamba haujulikani. Sitaeleza nilivyofika huko. Mpakani niliapishwa nisitaje njia, na ingawa nimekicheka kiapo kile mara nyingi, sijakivunja. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoyatenda, na katika niliyoyatenda limo kosa moja ambalo nusura limfunge mtu maisha.

Wakati huo nilikuwa nikiandika ukurasa wa mapumziko katika jarida la kila mwezi. Wasomaji wetu walikuwa wamechoshwa na fukwe zilezile na hoteli zilezile. Walitaka kutajiwa miji midogo yenye kupendeza ambayo majirani zao hawajaisikia. Mhariri akanipa siku nne na akataka kurasa tatu.

Watu wa Kandokando wanapenda likizo kuliko kitu chochote, lakini hawapendi kwenda walikokwenda wenzao. Mtu akirudi na kusema alikuwa mji fulani, na mwenziwe akajibu, "Aa, naujua," yule wa kwanza huona haya kama aliyeambiwa amevaa shati nje ndani. Kwa hiyo wana Wizara ya Mapumziko, na Wizara huipanga miji kwa madaraja. Daraja la kwanza ni Haujulikani Kabisa. La pili ni Haujulikani Sana. La tatu ni Umeanza Kujulikana. La mwisho ni neno moja tu: Umeharibika. Nilionyeshwa kwa mbali mji mmoja wa daraja hilo. Niliona barabara nzuri, zahanati, na soko lililojaa watu. Afisa aliyenionyesha alivua kofia kama tuko makaburini.

Ufichoni ulikuwa daraja la kwanza. Langoni pana kibao kisemacho: UFICHONI, MJI MASHUHURI KWA KUTOJULIKANA. Chini yake alinisubiri Mtunza Haiba wa mji, Bwana Ngwali, mtu wa makamo, mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi hadi kwenye mishono. Mkononi alishika daftari na futi ya fundi cherehani.

"Karibu sana, Bwana Mgeni," alisema. "Tumefurahi umekuja. Tafadhali usimwambie mtu."

Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Tulipanda ngazi za mawe zilizokuwa ndiyo barabara kuu. Nyumba zilikuwa nyeupe, milango ya rangi mbalimbali, na harufu ya mkate ilitoka mahali fulani juu. Nakiri kwamba nilipendezwa mara moja. Kwenye kona Bwana Ngwali alisimama kupima nguzo ya taa iliyoinama.

"Imenyooka kidogo," alisema kwa wasiwasi, akaisukuma kwa bega mpaka ikainama tena.

Mbele kidogo palikuwa na mtungi uliopasuka, maua yakitambaa kutoka kwenye ufa. Nikauliza ulipasuka lini.

"Mwezi wa pili. Kila mwezi wa pili tunaleta mpya, na fundi anaupasua kwa kufuata mchoro."

Saa ya mnarani ilionyesha saa tatu kasorobo. Nikauliza kwa nini hawaitengenezi.

"Kuna mgeni aliandika kwamba Ufichoni wakati umesimama."

"Na nyinyi mnajuaje saa?"

Akatazama huku na huku, akakunja mkono wa kanzu yake kidogo. Ndani mlikuwa na saa mpya kabisa. "Sote tunazo," alisema kwa sauti ya chini.

Niliandika yote haya katika daftari langu kama mambo ya kuchekesha. Sikuuliza zaidi, nikapumzishwa nyumba ya wageni, kisha nikatoka peke yangu kutembea.

Nje ya duka la viatu alikuwa amelala mzee mmoja juu ya benchi, ndala moja mapajani, mdomo wazi kidogo. Nikapita kwa kunyata.

"Usinyate, bwana, mimi si mgonjwa," alisema bila kufumbua macho. "Shikamoo haikugharimu kitu."

"Shikamoo, mzee. Nilidhani umelala."

"Marahaba. Nimelala. Saa nane mpaka saa kumi na moja, kila siku, mwaka wa kumi na tisa sasa. Naitwa Faki. Jioni watakupeleka kuandika kitabuni?"

"Nimeambiwa hivyo."

"Basi andika kuhusu mawe. Ngazi zetu nzuri, ziandike. Kuta ziandike."

"Kwa nini mawe?"

Macho yake yalibaki yamefumba. Nyayo za mtu zilisikika zikishuka, naye akaanza kukoroma kwa ustadi mkubwa. Nikadhani ni mzee mwenye utani, nikaendelea.

Ilikuwa saa kumi niliposikia sauti. Ilitoka ghorofa ya juu ya nyumba yenye mlango wa kijani. Mwanamke alikuwa akiimba, lakini maneno hayakuwa ya wimbo niujuao: sufuria mbili nachukua, ya tatu naiacha, blanketi la mama nachukua, kioo kimevunjika nakiacha. Sauti haikuwa ya mwimbaji. Ilikatika, ikacheka yenyewe, ikaanza tena juu zaidi. Nilisimama chini ya dirisha lile kama dakika kumi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilipwa kutazama vitu vizuri, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilisahau kwamba niko kazini.

Kabla jua halijazama nilipelekwa ukumbini kuandika katika Kitabu cha Sifa. Bi. Mize, mwenyekiti wa Baraza la Haiba, alinifungulia ukurasa mwenyewe. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani minene na mazungumzo machache.

"Andika kilichokupendeza, Bwana Mgeni. Lakini fikiri kwanza. Humu hakifutwi kitu."

Nilidhani ni maneno ya heshima kwa wageni. Na kwa kuwa najivunia kuandika kwa usahihi, nikaandika hivi: "Kilichonipendeza kuliko vyote ni sauti ya mwanamke akiimba dirishani, ghorofa ya juu, nyumba yenye mlango wa kijani, saa kumi jioni." Nikatia saini. Bi. Mize alisoma, akanitazama kwa muda mrefu juu ya miwani, akafunga kitabu.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa nyundo. Chini ya lile dirisha Bwana Ngwali alikuwa akipigilia kibao: SAUTI YA DIRISHANI. KILA SIKU SAA KUMI. WAGENI WANAOMBWA KUSIMAMA UPANDE WA PILI WA NJIA. Upande wa pili tayari palikuwa na viti vitatu. Mlango wa kijani ukafunguliwa kwa nguvu, akatoka mwanamke mrefu, kanga kiunoni, vumbi la makabati mikononi mwake.

"Wewe ndiye Mgeni?" aliniuliza.

"Ndiye mimi."

"Ndiye uliyeniandika?"

"Niliandika sauti, dada. Nilikusudia kukusifu."

"Sauti inaishi wapi? Si kooni mwangu?" Alijifuta mikono kwenye kanga. "Naitwa Somoe. Miaka tisa nimemuuguza mama katika chumba kile. Miaka tisa sijavuka lango la mji. Silalamiki, alikuwa mama yangu. Amefariki, nimemzika, arobaini imepita, nikaandika barua kuomba nafasi chuo cha upimaji ardhi. Nina miaka thelathini na sita, bwana, na wamenikubali! Jumatatu saa mbili asubuhi natakiwa niwe darasani. Jana nilikuwa nafunga mizigo. Leo huyu ananiambia siwezi kutoka kwa sababu nimesifiwa."

Nilimgeukia Bwana Ngwali. Alikuwa ameshika misumari mdomoni na hakuweza kujibu, au alifurahi kwamba hawezi.

Nilimfuata ofisini kwake. Alinieleza kwa upole, kama anavyofafanua daktari. Kila mwaka huja Mkaguzi wa Wizara bila taarifa. Hufungua Kitabu cha Sifa, husoma mstari kwa mstari, kisha huzunguka mji akitafuta kila kilichosifiwa. Asipokiona, mji hushushwa daraja.

"Jirani zetu wa Shamsini walisifiwa mbuzi," alisema. "Mbuzi mweupe mwenye maziwa matamu. Akafa. Wakatafuta mwingine mweupe. Mkaguzi akaomba maziwa."

"Ikawaje?"

"Alikuwa beberu." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Shamsini sasa ni daraja la tatu. Wana kituo cha basi."

"Basi nifute niliyoandika."

"Kitabu hakifutwi."

"Niandike kwamba nimebadili mawazo."

"Wageni wote hubadili mawazo wakifika kwao. Tungewafuata wote, tusingebakiwa na mji."

Nilitafuta neno la hasira nisilipate, maana mtu yule hakuwa mbaya. Mezani kwake palikuwa na orodha ndefu ya mambo yote yaliyowahi kusifiwa Ufichoni, na mbele ya kila jambo aliandika kwa mkono tarehe ya mwisho alipolikagua. Hakuna tarehe iliyokuwa imepita wiki. Nilimuuliza hulala saa ngapi. Akasema mara nyingi husahau.

Kisha akainuka, akafunga mlango, akafungua kabati. "Ipo Kanuni ya Kumi na Saba," alisema. "Mgeni anaruhusiwa kuondoka na kumbukumbu moja ya mji. Wengi huchagua mkoba wa ukindu au sabuni. Lakini kanuni haisemi iwe kitu gani. Nikimwandika Somoe katika fomu hii kuwa ndiye kumbukumbu yako, anaweza kupita langoni pamoja nawe Jumapili. Sijawahi kufanya jambo kama hili, Bwana Mgeni. Tafadhali usimwambie mtu."

Nakiri nilifurahi. Nilipanda ngazi mbio na fomu mkononi nikaenda kugonga mlango wa kijani. Somoe alisoma fomu mara mbili, akanirudishia.

"Nitoke mji niliozaliwa nikiwa nimeandikwa kama sabuni?"

"Ni karatasi tu, dada."

"Karatasi tu ndiyo iliyonifunga tangu jana." Hakupandisha sauti. "Chuo niliomba mwenyewe, kwa jina langu na la baba yangu. Nikitoka hapa nitatoka kwa miguu yangu na kwa jina hilo. La sivyo, nibaki."

Nilitaka kuondoka, lakini udadisi ulinishika kama kawaida yangu. "Niambie jambo moja. Jana uliimba kwa nini?"

Alishangaa, kana kwamba ni mara ya kwanza kuulizwa kitu siku ile. Akaketi kwenye sanduku lililofungwa nusu.

"Sijui kuimba mimi. Mama ndiye aliyekuwa akiimba. Jana nilikuwa nahesabu vya kuchukua na vya kuacha, na nilipofika kwenye kioo kilichovunjika nikasema, kumbe naondoka kweli. Sauti ikatoka yenyewe."

Jioni ile, saa kumi, mume na mke kutoka mji mkuu walikaa kwenye viti viwili kati ya vile vitatu. Bwana Ngwali alisimama chini ya dirisha akitazama juu kwa macho ya kuomba. Somoe akatokea. Hakuimba. Alikunjua barua ya chuo na kuisoma kwa sauti moja, kuanzia namba ya kumbukumbu hadi muhuri: mwanafunzi aje na rula, na kofia ya jua, na viatu vya kufunga. Akakunja barua, akafunga dirisha. Mume na mke walipiga makofi, na mke akasema wimbo ule una huzuni fulani ya asili. Nilimwona Bwana Ngwali akiandika katika daftari lake: "Sauti: ipo. Wimbo: haueleweki."

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda kwa Bi. Mize nikaomba Baraza likutane. Akauliza kwa sababu gani. Nikasema mgeni anataka kufafanua sifa yake. Alifikiri kidogo, akasema kufuta hakuna, kubadili hakuna, lakini kufafanua hakujakatazwa, kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kujali kiasi hicho.

Tulikutana saa nane na nusu mchana. Wajumbe walikuwa watano, na aliyesema zaidi ni Bwana Dadi, mwoka mikate, mtu mnene aliyesifiwa mwaka fulani kwa kuwa na unga kwenye nyusi, na tangu hapo hajathubutu kuupangusa. Watu wa mji walijaa kwenye mabenchi ya nyuma. Somoe alikaa mbele, mgongo wima, viatu vya kufunga miguuni.

Bwana Dadi alianza. "Hatuna ugomvi na binti yetu. Sote tulimpenda mama yake. Lakini kuna watoto humu, na kula kwao ni wageni. Tukishushwa daraja, nani atakuja? Mimi pia nilitaka kwenda mahali, zamani. Sikwenda. Nimekufa?"

Hapo mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Aliingia Mzee Faki, fundi viatu, akitembea polepole, na macho yake yalikuwa wazi. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Bwana Ngwali aliinuka nusu, akatazama saa yake ndani ya mkono wa kanzu, akaketi tena.

"Mzee Faki," alisema Bi. Mize taratibu, "saa hizi wewe umelala."

"Nimelala miaka kumi na tisa, Mwenyekiti. Nipe dakika tano." Alishika mgongo wa kiti. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nililala benchini siku ile. Nitawaambia. Ndugu yangu Haji alikuwa amefariki huko Mwambao wa Juu. Habari ilinifikia alfajiri. Nilikaa nikifikiri nitafikaje mazishini, nikachoka kwa kulia, usingizi ukanipitia, kazi ya watu mapajani. Mgeni akapita. Akaandika kwamba Ufichoni wazee hulala mchana kwa amani ya moyo. Asubuhi yake nikafungiwa safari. Kaburi la ndugu yangu sijaliona mpaka leo. Nilikuwa na nguvu za kutembea wakati ule. Ndiyo hayo tu."

Bi. Mize alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, na alichukua muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani.

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri, nikaiacha.

"Nilisema nilipendezwa na sauti dirishani," nikasema. "Sikujua nilichokisikia. Nimekwenda kuuliza, na nimejibiwa. Nilichokisikia ni mtu anayeondoka. Angekuwa habanduki, asingeimba. Jana mlimweka pale saa ileile, dirisha lilelile, na hakukuwa na kitu. Bwana Ngwali mwenyewe ameandika kwamba wimbo haueleweki. Huo ndio ufafanuzi wangu: nilimsifu mtu anayeondoka."

Wajumbe walinong'onezana. Bwana Dadi akainua mkono, uso wake umechangamka. "Basi ni rahisi. Kila siku saa tisa na nusu Somoe aanze kufunga mizigo. Saa kumi ataimba. Saa kumi na moja atafungua."

"Na wakati wa kufungua naimba pia?" Somoe aliuliza.

"Hapana. Kufungua hakukusifiwa."

Baadhi ya watu nyuma walicheka. Bwana Dadi aligeuka kuwatazama, na unga ukamwangukia shavuni. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ametafuta njia ya kumsaidia kila mtu, na akadhani ameipata.

Bi. Mize akavaa miwani. "Bwana Ngwali," alisema, "Mkaguzi atakuja. Atasimama chini ya dirisha. Atamuuliza, dada, mbona mizigo, unakwenda wapi? Somoe atajibu nini?"

Bwana Ngwali alifungua daftari, akalifunga. "Atasema anakwenda chuo."

"Na Mkaguzi akirudi mwakani akamkuta bado anakwenda chuo?"

Niliona jina la Shamsini likipita katika nyuso zao bila kutajwa.

"Itakuwa beberu," alisema Bwana Ngwali kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Itakuwa beberu." Bi. Mize alikivuta Kitabu cha Sifa karibu, akatia kidole kwenye mstari wangu. "Mgeni amesifu mtu anayeondoka. Anayeondoka sharti aondoke. Kwa hiyo naamua. Somoe ataondoka kesho asubuhi, na sifa hii itakuwa imetimia kweli. Lakini haiwezi kutimia mara moja tu halafu dirisha likae tupu. Chumba kile kitapewa mtu mwingine anayeondoka, atafunga mizigo yake pale, ataimba kama ataimba, na atatoka. Kisha mwingine. Hivyo ndivyo sheria inavyotaka." Aliinua kichwa akatazama mabenchi ya nyuma. "Sasa lazima niulize, maana kitabu kinanilazimisha. Baada ya Somoe, nani anataka kuondoka?"

Swali lile halikuwahi kuulizwa Ufichoni. Niliwatazama watu wakilipokea. Walitazama miguu yao, wakatazamana, wakatazama dari. Mzee Faki aliinua mkono kwanza, bila haraka, mpaka juu kabisa. Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Kisha ndugu wawili walioonekana kushangaa kila mmoja kwa mkono wa mwenziwe. Mikono iliendelea kupanda polepole nyuma ya ukumbi, na Bwana Ngwali akaamriwa aandike majina. Bwana Dadi hakuinua mkono. Lakini alitoa leso mfukoni, akapangusa nyusi zake, akaikunja leso vizuri na kuirudisha.

Jumapili asubuhi Somoe alitoka mlango wa kijani na sanduku moja na blanketi la mama yake. Watu walikuwa madirishani. Nilimsubiri kimya, maana nilijua sina haki ya kuagana naye. Yeye akanijia.

"Siwezi kukuambia nimekusamehe," alisema. "Usingizi wa siku mbili umenipotea."

"Sikuombi unisamehe, dada."

"Lakini ulirudi kuuliza. Wengine hawarudi." Akanipa mkono, mgumu, bado na vumbi. Alimkabidhi Mzee Faki ufunguo, akamwelekeza mlango unavyokwama wakati wa mvua, akashuka ngazi. Hakuimba. Alikuwa akiangalia hatua zake, na kwenye kona ya mwisho alianza kwenda mbio kidogo, sanduku likimgonga mguuni. Miezi miwili baadaye nilipata barua yake ya mistari minne. Alifika darasani Jumatatu saa moja na nusu, akakuta mlango bado umefungwa.

Mimi nilifika langoni saa tano. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kurasa tatu za mhariri sitaziandika, na kwamba atanisema, na alinisema kweli. Bwana Ngwali alinisindikiza. Daftari lake lilikuwa kwapani, na kwa mara ya kwanza sikuiona futi.

"Ni watu wangapi?" nikauliza.

"Thelathini na mmoja jana jioni." Alifungua ukurasa akanionyesha. Majina yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wake safi, kila moja na namba yake. Chini ya la thelathini na moja palikuwa na namba thelathini na mbili, na mbele yake, kwa herufi ndogo na kalamu ya rangi nyingine, jina lake mwenyewe.

Yeye alikuwa akitazama barabara nje ya lango, jinsi inavyopinda na kupotea nyuma ya kilima.

"Bwana Mgeni," alisema, "huko kwenu, mtu akifika mara ya kwanza, huulizwa nini?"

"Huulizwa jina lake."

"Jina tu?"

"Jina, na kama amekula."

Aliandika jibu hilo, akalisoma tena kimoyomoyo, kisha akanifungulia lango.